Ukuta, Bonde na Meno: Namna ya Kuyatambua Matumbawe Ubongo

Bamvua likitoa maji na mwamba ukabaki wazi, mawe ya mviringo yenye mikunjo huonekana kila upande, na watembeza wageni wengi wa pwani yetu huyapa yote jina moja: tumbawe ubongo. Jina lenyewe si baya, ila limebebeshwa mzigo mkubwa. Kati ya Lamu na Mtwara, linaloitwa ubongo laweza kuwa Platygyra, Leptoria, Goniastrea, Favites, Dipsastraea, Oulophyllia au Lobophyllia, na kila moja hukua kwa namna yake, hugombana na majirani kwa namna yake, na hustahimili joto kwa kiwango chake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kwenda hatua moja mbele ya jina hilo: mtembeza wageni, mpiga mbizi, mwanafunzi wa sayansi ya bahari, mwanakikundi wa kijiji anayejaza fomu za ufuatiliaji wa mwamba, na pia yule mwenye tangi la maji ya chumvi sebuleni, awe Maskati, Dubai au Hamburg. Lengo letu ni jenasi, yaani jina la kwanza kati ya yale mawili ya kisayansi. Kuifikia spishi mara nyingi kunahitaji kiunzi kilichosafishwa, hadubini na siku hizi vipimo vya vinasaba. Anayeishia kwenye jenasi kwa uhakika amefanya kazi nzuri kuliko anayebahatisha spishi.

Sharti ni moja tu, nalo ni gumu kwa sababu macho hulikataa: rangi iwe shahidi wa mwisho. Platygyra moja ni ya kahawia, ya pili kijani, ya tatu ina kuta za kijivu na mabonde yanayong'aa. Sehemu kubwa ya rangi ya kahawia hutoka kwa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe, na mwani huo hupungua na kuongezeka kufuatana na mwanga na joto. Anayeanza na rangi hupotea mapema.

Kabla ya kuzama, jua unachokitazama. Tumbawe gumu kwa kawaida ni kundi la wanyama walioungana, polipu, na kila polipu hujijengea kikombe cha chokaa. Kikombe kina ukuta. Kutoka ukutani, mbavu nyembamba zimeelekea katikati, na juu ya mbavu kuna meno, madogo au makubwa. Katikati pana kitovu. Kwa baadhi ya jenasi, kila ubavu huinua kinundu kabla ya kufika kitovuni, na vinundu hivyo vikijipanga duara hufanya taji. Vikombe vinapoungana na kupoteza mipaka kati yao, midomo hujipanga kwa mstari na kuta hukimbia pande zote mbili. Hapo tunapata bonde. Kuta, mbavu, meno, kitovu, taji na mabonde vinatosha kukufikisha kwenye jenasi nyingi.

Mchana, mwambani, polipu nyingi za matumbawe haya hujikunja na kuacha nyama kama utando tu juu ya chokaa, ndiyo maana kiunzi husomeka hata tumbawe likiwa hai. Tangini mambo hugeuka. Aina zinazopendwa na wafugaji ni zile zenye nyama nene inayofura na kufunika kila kitu. Kwa hiyo mwambani utasoma zaidi chokaa na tangini utasoma zaidi nyama. Watu wengi hukosea kwa kutumia njia ya upande mmoja kwenye upande mwingine.

Anza na ukuta

Chagua vikombe viwili vinavyopakana, uelekeze macho katikati yao. Je, kila kikombe kina ukuta wake, na kati yao kuna mfereji mwembamba? Au vimechangia ukuta mmoja, kama vyumba vya nyumba ya Kiswahili ambavyo mpangaji wa huku akigonga, wa kule husikia? Swali hili peke yake hugawa nusu ya matumbawe ubongo.

Kikombe chenye ukuta wake, cha mviringo, kilichoinuka kidogo juu ya uso wa tumbawe na chenye upana wa kama sentimita moja, mara nyingi ni Dipsastraea. Tafuta ushahidi wa pili: vikombe vilivyobanwa kiunoni kama tarakimu 8. Hivyo ni vikombe vinavyogawanyika, kwa kuwa polipu ya Dipsastraea hujigawa ndani ya ukuta wake hadi zikawa mbili. Ukiona vikombe vichanga vikichipua nje, kwenye nafasi iliyo kati ya vikombe vikubwa, simama ufikirie jenasi nyingine, kwa mfano Astrea. Ishara hii ya mgawanyiko haitajwi sana na wanaofundisha wageni, nami naiona yenye thamani kuliko kipimo chochote cha upana, maana upana hubadilika hata ndani ya tumbawe moja, kutoka kileleni hadi ubavuni.

Ukuta ukiwa wa kuchangia, uko kati ya Favites na Goniastrea. Sasa tazama ndani ya kikombe. Goniastrea ina taji lililokamilika, vinundu vimezunguka kitovu kwa utaratibu, na mbavu zake zimepangika vizuri. Goniastrea retiformis, inayopatikana kwa wingi kwenye sehemu za mwamba zinazobaki wazi maji yakipwa, ina vikombe vya milimita 3 hadi 5 tu, vyenye pembe nne hadi sita. Favites kwa kawaida ina vikombe vikubwa zaidi, kuta nene na meno yanayoonekana kwa macho, na taji lake ni hafifu au halipo. Mtego ni Favites pentagona: vikombe vyake ni vidogo, vina pembe, na taji lipo. Ukiwa na shaka kati ya hizi mbili, piga picha ya karibu na uandike zote mbili. Usilazimishe.

Matumbawe ya jamii ya Goniastrea yanastahili heshima ya pekee. Huachwa juani saa nzima au zaidi bamvua likitoa maji, yakijilinda kwa ute, na bado yanaishi. Huko Phuket, Thailand, watafiti waliofuatilia spishi iliyoitwa wakati huo Goniastrea aspera waligundua kwamba upande wa tumbawe uliozoea jua kali ulipauka kidogo kuliko upande wa pili wa tumbawe hilohilo. Ukiona jiwe la namna hii kwenye maji ya kifundo cha mguu, usilifanye kikanyagio. Limeshapambana na mengi.

Ukifika kwenye mabonde

Hapa ndipo ubongo hasa. Sogea hadi shubiri moja kutoka kwenye tumbawe, tulia usitimue mchanga, kisha fuata bonde moja kwa macho. Linakwenda umbali gani kabla ya kufungwa? Linapinda vipi? Kisha acha bonde, tazama ukuta mmoja kutoka juu.

Mabonde yenye upana wa kama nusu sentimita yanakupa majina mawili ya kuchagua, Platygyra na Leptoria, na kuyatofautisha ni zoezi zuri kuliko yote katika kazi hii. Katika Leptoria, hasa Leptoria phrygia, mbavu zinalingana. Unene mmoja, urefu mmoja, nafasi moja kati ya ubavu na ubavu, kutoka mwanzo wa bonde hadi mwisho. Ukitazama sakafu ya bonde utaona kitovu kimegeuka kuwa ukuta mwembamba wa chini unaofuata urefu wa bonde, umekatika hapa na pale. Tumbawe zima linaonekana nadhifu mno.

Platygyra haina nidhamu hiyo. Mbavu zake hazilingani, kingo za juu zimechongoka ovyo, na kitovu ni msokotano wa chokaa wenye matundu, hakijanyooka kuwa ukuta. Platygyra daedalea, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1786 na Ellis na Solander, ndiyo utakayoikuta mara nyingi. Platygyra lamellina ina kuta nene zenye mgongo wa mviringo. Platygyra pini huwachanganya wengi: mabonde yake ni mafupi mno, pengine kikombe kimoja kimoja, hata ukadhani ni Favites au Goniastrea. Hapo rudi kitovuni. Ukikosa taji na ukakuta msokotano hafifu, elemea Platygyra.

Wasomaji walioko Ghuba wanalo tumbawe hili karibu nao kuliko wanavyodhani. Platygyra daedalea ni miongoni mwa matumbawe ya kawaida kwenye pwani ya Abu Dhabi na maeneo ya jirani, ambako maji ya kiangazi hupita nyuzi 34 za Selsiasi, joto ambalo lingeua sehemu kubwa ya mwamba wa Unguja. Wanasayansi wamelichunguza kwa miaka mingi wakitaka kujua linavyoweza.

Bonde likiwa pana, hata kufikia sentimita 2, lenye kuta zilizochongoka juu, fikiria Oulophyllia crispa. Na bonde likiwa pana zaidi, nyama ikiwa nene na mbavu zikiwa na meno makubwa yanayoonekana wazi chini ya nyama, umeingia kwa Lobophyllia.

Lobophyllia ina sura mbili, na ni lazima uzijue zote. Ya kwanza ni ile ya Lobophyllia hemprichii: kwa juu ni kuba la nyama lisilo na nafasi, lakini ukichungulia pembeni, kati ya vishada, utaona kila polipu au kikundi kidogo cha polipu kimesimama juu ya shina lake, na mashina hayo hayagusani. Ya pili ni ile ambayo vitabu vya zamani vinaiita Symphyllia, ambayo mabonde yake yameshikana kabisa. Alama yake ni mfereji mwembamba unaopita juu ya mgongo wa ukuta. Ukiuona mfereji huo juu ya ukuta mnene wenye meno, huna haja ya kusita.

Kuna mawe mawili yanayojipenyeza kwenye orodha za ubongo bila haki. La kwanza ni Porites, lile kuba kubwa ambalo ukiwa mbali lina vinundu na mabonde, lakini ukilikaribia unakuta vikombe vya zaidi kidogo ya milimita moja vilivyoenea uso mzima. La pili ni Hydnophora microconos. Kuta zake zimekatikakatika zikabaki vilima vidogo vya milimita 2 au 3, na midomo iko kwenye nafasi zinazovizunguka. Jiulize: nikifuata ukuta, unaendelea au unaishia kuwa kilima? Ukiishia kila mara, hiyo ni Hydnophora.

Tangini, soma nyama

Wafugaji wa matumbawe wanayagawa magumu katika makundi mawili, yenye polipu kubwa na yenye polipu ndogo. Mgawo huo ni wa soko na wa matunzo. Kwenye vitabu vya sayansi hutaukuta, na haufuati ukoo. Goniastrea yenye vikombe vya milimita 4 huwekwa kundi moja na mnyama mwenye polipu moja ya upana wa kiganja. Usiuchukulie kama utambulisho.

Jambo la kwanza unapotazama tumbawe dukani ni kuomba taa nyeupe iwashwe. Taa za buluu huamsha mng'ao wa protini zilizo kwenye nyama, na chini yake kila kitu hugeuka kijani na chungwa cha kuvutia. Bei hupanda na meno hayaonekani. Muuzaji anayekataa kuwasha taa nyeupe, nunua kwa mwingine.

Kisha tazama chini ya tumbawe. Trachyphyllia geoffroyi, ambalo pengine ndilo ubongo maarufu kuliko yote katika biashara hii, huishi huru juu ya mchanga au kifusi, halijashikamana na mwamba. Kiunzi chake kimechongoka kwa chini kama pia, na kwa juu kimejikunja kwa mawimbi, mara nyingi kikiwa na midomo kati ya mmoja na mitatu. Mchana nyama yake hutanda na kuvuka kiunzi kwa mbali. Usiku hurudi ndani, na minyiri ya kulia hutokeza kuzunguka katikati. Nyama ni laini kwa kuitazama, isiyo na vipele vikali. Ukiona nyama yenye chunusi na ukahisi meno yanataka kutoboa, huenda umeuziwa Lobophyllia kwa jina la Trachyphyllia.

Polipu moja ya mviringo, yenye nyama inayopitisha mwanga na mbavu nene nyeupe zinazoonekana ndani yake, ni Cynarina. Polipu moja ngumu zaidi, bapa, yenye rangi kali za miduara, inayotoka Australia na kuuzwa kwa jina la Scolymia, ni Homophyllia australis. Scolymia wa kweli ni wa Atlantiki. Na vile vikombe vidogo vya nyama vyenye rangi mbilimbili, vinavyouzwa kwa vipande na kukusanywa na watu kwa shauku, vingi ni Micromussa lordhowensis, zamani Acanthastrea.

Njia nzuri ya kuthibitisha ni ya usiku. Subiri kama saa moja baada ya kuzima taa, washa tochi nyekundu hafifu, uhesabu midomo na uangalie minyiri inakotokea. Polipu iliyojificha mchana kutwa itakuonyesha mipaka yake yenyewe.

Utambuzi huu una kazi ya moja kwa moja, kwa kuwa jina linaamua mahali. Trachyphyllia iweke mchangani, mahali penye mkondo wa upole. Ukiisimika kwenye jiwe, nyama yake hujikwaruza kwenye ncha na kuoza. Favites na Dipsastraea zikae juu ya jiwe, lakini mbali na majirani, kwa sababu usiku hutoa minyiri mirefu ya kuchoma. Mimi huacha sentimita 15 hivi. Maji yenyewe hayatofautiani sana kwa wote hawa: joto la nyuzi 24 hadi 26, chumvi ya gramu 35 kwa kila kilo ya maji, kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na zaidi ya yote yasiyumbeyumbe.

Uliza pia tumbawe limetoka wapi. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo linalovuka mpaka linahitaji kibali. Kwetu huku, hifadhi kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, au Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ya mwaka 1995, haziruhusu kuvunja tumbawe wala kuokota lililokufa. Kiunzi kilichotupwa na mawimbi ufukweni ni kitabu kizuri ajabu cha kujifunzia mbavu na meno. Kisome hapohapo, kipige picha, ukiache.

Majina yaliyohama

Ukitumia kitabu cha zamani, ikiwa ni pamoja na juzuu tatu za Veron kuhusu matumbawe ya dunia, za mwaka 2000, ambazo picha zake bado ni hazina, utakuta majina yasiyolingana na ya leo. Hapo si wewe uliyekosea. Mwaka 2004 uchunguzi wa vinasaba uliotoka katika jarida la Nature ulionyesha kwamba matumbawe ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, yaliyowekwa ukoo mmoja kwa kufanana sura, yametengana zamani sana. Mabadiliko yakafuata. Mwaka 2012 Favia wetu wakawa Dipsastraea, na jina Favia likabaki upande wa Atlantiki. Goniastrea aspera ikawa Coelastrea aspera. Mwaka 2016 Symphyllia ikaunganishwa na Lobophyllia. Andika jina jipya, na la zamani ulitaje pembeni ili kumbukumbu za miaka iliyopita zisipotee.

Kumbukumbu hizo zina uzito kwetu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi magharibi yalipopata joto la El Niño, matumbawe ya matawi kama Acropora na Pocillopora yalikufa kwa wingi, na mengi ya yaliyobaki yalikuwa mawe ya mviringo. Waliokuwa wameandika jenasi waliweza kueleza nani alikufa na nani alibaki. Fomu iliyoandikwa "ubongo" haiwezi kusema hivyo.

Kwa hiyo nenda na kibao cha plastiki chenye rula ya milimita, penseli na kamera. Piga picha tatu kwa kila tumbawe: zima kutoka mbali, karibu sana na rula kando bila kugusa, na ubavuni chini ili mashina na kingo vionekane. Mwanga ukitoka pembeni, kuta hutupa kivuli na taji huonekana. Ukitoka mbele, kila kitu hulala bapa. Tumbawe lililopauka ni jambo la kusikitisha, lakini nyama yake isiyo na rangi huachia mbavu na meno yaonekane vizuri, basi lipige picha pia na uandike tarehe. Andika kina, aina ya sakafu, upana wa kikombe au bonde, ukuta wa kuchangia au wa peke yake, taji lipo au halipo. Jina liwe la mwisho kuandikwa, na alama ya kuulizia iwekwe mbele yake kila unapositasita, ili atakayezisoma picha zako pale Taasisi ya Sayansi za Bahari Unguja, au shirika la utafiti wa bahari la CORDIO kule Mombasa, ajue aanzie wapi kuangalia.